Sikio la Nyegezi

Babu yangu alijifunza kuandika jina lake akiwa tayari na watoto wanne. Alinisimulia hilo mwaka 2011, nikiwa mwanafunzi wa uandishi wa habari, tumekaa nje ya nyumba yake upande wa Sengerema, ng'ambo ya ziwa ukitokea Mwanza mjini. Nilikuwa na kazi ya darasani: mrekodi mtu mzima, tengeneza kipindi cha dakika nne. Nikaona nisihangaike, nikapanda kivuko cha Kamanga nikamfuata mzee.

Aliongea karibu saa nzima. Alianza na kile Kiswahili cha kuongea na afisa, cha taratibu na cha kuogopa kukosea. Alipoona mjukuu anatikisa tu kichwa, akahamia Kisukuma, na hapo mazungumzo yakapata moto. Akaeleza darasa la kisomo chini ya mwembe, mwalimu aliyekuwa mdogo kuliko wanafunzi wake wote, redio iliyowekwa juu ya kigoda katikati ya watu, na ubishi uliozuka redio ilipozimwa ili betri zisiishe. Nilikata dakika nne za Kiswahili, nikapeleka darasani, nikapata alama nzuri. Zilizobaki, zaidi ya dakika 50, zilikaa kwenye memori kadi ya simu. Miezi michache baadaye nilitaka nafasi ya kuweka nyimbo. Nikafuta.

Babu alifariki mwaka 2014. Sina wa kumlaumu, maana kidole kilichobonyeza ni changu. Lakini tangu hapo nimekuwa msikilizaji wa ajabu kidogo wa redio. Nikisikia kipindi kizuri sijiulizi tu kimesema nini. Najiuliza kesho kitakuwa wapi.

Swali hilo hunijia zaidi ninapokuwa Nyegezi. Unakijua kituo kile cha mabasi, kelele za wapiga debe, wauza mahindi, daladala za kwenda mjini. Ukiacha barabara kuu ukaelekea Malimbe, upande wa ziwa, unafika Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, SAUT kama tunavyokiita. Chuo hiki kina redio yake, Radio SAUT FM, masafa ya 96.1. Mwenye redio ni chuo. Wanafunzi wa uandishi wa habari hujifunzia humo kazi ya maikrofoni na mitambo, na wasikilizaji ni sisi wengine: mwenye duka, mama wa gengeni, fundi pikipiki, mvuvi aliyerudi asubuhi na redio ya kwenye kitochi.

Tumezoea kuiona redio ya chuo kama jiko la mazoezi. Vijana wanaunguza wali humo, wakishajua kupika wanaondoka kwenda Dar es Salaam. Mimi nataka kubisha. Redio ya chuo kando ya ziwa hili ina ukoo mrefu kuliko tunavyodhani, na ukoo huo ulianzia hapahapa Mwanza. Ukiufuata unaona kwamba redio ilielimisha kweli pale tu ilipokuwa sikio pamoja na kuwa mdomo.

Mji wa kisomo

Turudi nyuma. Utangazaji wa Tanganyika ulianza Dar es Salaam mwaka 1951, kituo kidogo cha majaribio kilichoitwa Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Mwaka 1965 serikali ikalichukua moja kwa moja na kuzaliwa RTD, Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa karibu miaka 30 iliyofuata, ukisema redio huku bara ulikuwa unasema RTD. Vizazi viwili vililelewa na majina yake: Ukulima wa Kisasa, Mama na Mwana, Pwagu na Pwaguzi, Mazungumzo Baada ya Habari, Ugua Pole.

Sisi wapenzi wa fasihi tuna deni hapa. Tunapotaja vitabu vilivyotulea tunasahau kwamba Watanzania wengi walikutana na hadithi iliyosimuliwa kwa ufundi kupitia Mama na Mwana ya Deborah Mwenda kabla ya kushika riwaya yoyote. Tunafundisha fasihi simulizi darasani kwa kutaja ngano za kijiji fulani kisichokuwa na jina, huku fasihi simulizi iliyosikika nchi nzima kwa wakati mmoja hatuiandikii hata tahakiki.

Ila RTD ilikuwa mbali. Habari zilitoka Dar na kufika Sengerema kama mvua, huwezi kuijibu. Kilichobadilisha hali hiyo kilitokea Kanda ya Ziwa.

Mwaka 1968 ulianza mradi wa majaribio wa kisomo cha watu wazima, chini ya serikali ya Tanzania pamoja na UNESCO na mpango wa maendeleo wa Umoja wa Mataifa. Makao yake yalikuwa Mwanza, na eneo lake mikoa ya kuzunguka ziwa. Wazo lilikuwa jepesi na la busara: mtu mzima hajifunzi kusoma kwa sentensi za watoto. Mkulima wa pamba asome juu ya pamba, mwenye migomba juu ya migomba, mvuvi juu ya nyavu na samaki, mfugaji juu ya ng'ombe. Herufi ziingie na kazi. Mradi ulipofikia mwisho wake mwaka 1972, mbinu zake zilikuwa zimeanza kutumika katika kampeni ya kisomo ya nchi nzima. Mwalimu Nyerere alikuwa ameshautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima.

Mwaka 1974 likaanza gazeti la vijijini, nalo likachapishwa Mwanza kwa ajili ya wasomaji wapya wa Kanda ya Ziwa. Liliitwa Elimu Haina Mwisho. Hebu fikiria jina hilo likiwa mikononi mwa mtu aliyejua herufi jana. Waliolianzisha walielewa jambo ambalo kampeni nyingi husahau, kwamba mtu akifundishwa kusoma halafu asipewe cha kusoma, atasahau. Sauti ilihitaji karatasi, na karatasi ilihitaji watu wa kuisoma pamoja.

Babu alikuwa zao la mpango ule. "Pamba ilinifundisha kusoma," alisema, na hiyo ni mojawapo ya sentensi chache zilizomo kwenye zile dakika nne.

Redio juu ya kigoda

Kati ya madarasa yale na gazeti lile ndipo palipokaa kampeni ya Mtu ni Afya, ya mwaka 1973. Vijana wa leo wakisikia "kampeni ya redio" wanafikiria tangazo la sekunde 30. Ile ilikuwa kitu kingine kabisa. Kwa wiki 12 watu walikusanyika kwenye vikundi vijijini. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo, na viongozi hao walikuwa takribani 75,000. Walisikiliza kipindi, wakasoma kijitabu kilichoendana nacho, kisha wakajadiliana na kuamua la kufanya. Walioshiriki walikadiriwa kufika milioni mbili. Mada zilikuwa malaria, minyoo, kuhara damu, kifua kikuu na kichocho.

Kwa sisi wa pwani ya ziwa, neno kichocho lina uzito wake. Ziwa linakupa samaki, maji ya kunywa, mahali pa kufulia na kuogea, na palepale kwenye kina kifupi konokono wanasubiri. Huwezi kumwambia mtu wa mwaloni asiingie majini, ndiyo maisha yake. Sasa redio ya Dar ilipotamka kwamba maji haya yana ugonjwa, kazi kubwa haikuwa ile sentensi ya redioni. Kazi ilianza kwenye ile nusu saa iliyofuata, pale mtu mmoja alipouliza: je, tukachote wapi?

Babu alikumbuka nusu saa hiyo kuliko kipindi chenyewe. Katika zile dakika nne nilimwacha aeleze walivyochimba vyoo kijiji kizima. Kwenye dakika nilizofuta alikuwa ameeleza zaidi. Kuna waliochimba choo kwa sababu wameelewa. Kuna waliochimba kwa sababu mgeni kutoka wilayani anakuja kuhesabu. Mzee mmoja alichimba shimo safi, akalipiga paa, akahifadhi mahindi. Alipoulizwa akasema choo kizuri namna hii atakichafuaje. Babu alicheka hadi akakohoa. Kicheko hicho ninacho kichwani tu.

Hadithi ya mahindi ina kazi hapa. Kampeni ile ilikuwa ya serikali ya chama kimoja, mada zilipangwa juu, na kulikuwa na kusukumana. Hata hivyo ilikuwa na kitu ambacho redio zetu nyingi za leo hazina, yaani watu wanaojulikana, waliokaa mbele ya redio, wenye ruhusa ya kubisha. Kikundi kilikuwa sikio. Ukikiondoa unabaki na mtu anaongea peke yake kwenye chumba chenye magodoro ukutani.

Nyegezi inajifunza kuongea

Wakati hayo yanaendelea, chuo cha Nyegezi kilikuwa tayari kipo. Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadri Weupe, walikianzisha mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya uhuru, kikiwa chuo cha mafunzo ya jamii. Nchi ilikuwa inakuja na haikuwa na watu wa kutosha wa kuendesha ofisi, hesabu na magazeti. Uandishi wa habari ukawa mmoja wa mikono ya chuo hicho. Mwaka 1998 kikapanda na kuwa chuo kikuu, mali ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, na kuchukua jina la Augustino, mwanafalsafa wa Afrika Kaskazini ambaye kabla ya uaskofu alikuwa mwalimu wa ufundi wa kusema mbele za watu. Sijui kama waliochagua jina walikuwa na redio akilini, ila limekaa.

Kati ya tarehe hizo mbili kulipita mwaka 1993, mwaka wa sheria mpya ya utangazaji iliyoruhusu redio na televisheni za watu binafsi. Mwanza haikusubiri. Radio Free Africa ikatokea hapahapa na kusikika mbali sana nje ya Kanda ya Ziwa. Kwa mara ya kwanza mtu wa Mtwara akazoea sauti inayotoka Mwanza badala ya Mwanza kuzoea Dar. Ilikuwa fahari, na bado ni fahari.

Redio za biashara zilileta uchangamfu ambao RTD haikuwa nao. Zilileta pia hesabu: kipindi kinaishi kwa matangazo. Mtengeneza soda atadhamini muziki na mpira. Nani atadhamini nusu saa ya kichocho? Redio ya taifa ina majukumu ya taifa. Redio ya dini ina waumini wake. Katikati pakabaki pengo, na hapo ndipo redio ya chuo inapopata sababu ya kuwepo. Haitegemei soda peke yake. Jirani yake ni maktaba, wahadhiri, na mamia ya vijana wenye nguvu na muda. Kwa lugha ya kisomo cha 1968, ina vitabu na ina viongozi wa vikundi. Inachohitaji ni kutoka getini.

Ziwa jingine

Wazo la chuo kikuu kumiliki redio kwa ajili ya umma halikuzaliwa kwetu. Moja ya mizizi yake iko Madison, jimbo la Wisconsin, Marekani, mji uliokaa katikati ya maziwa. Walimu wa fizikia wa chuo kikuu cha huko walianza majaribio ya mawasiliano bila waya mwanzoni mwa karne iliyopita. Mwaka 1916, kituo chao kikiitwa 9XM, walikuwa wanatuma taarifa za hali ya hewa kwa alama za Morse, kabla sauti ya mtu haijaanza kusafiri vizuri hewani. Mwaka 1922 kikapata jina la WHA. Wakulima wakawa wanapata hali ya hewa na bei za masoko. Mwaka 1931 wakaanzisha shule ya hewani kwa watoto wa shule za vijijini. Profesa mmoja wa muziki, Edgar Gordon, alifundisha watoto kuimba kupitia redio, halafu kila mwaka watoto walikusanywa Madison kuimba pamoja, sauti zilizokuwa zimejifunza mbalimbali zikakutana ukumbini.

Wisconsin walikuwa na msemo wao kwamba mipaka ya chuo kikuu ni mipaka ya jimbo zima. Sisi tunaweza kuuliza mpaka wa chuo cha Nyegezi uko wapi. Kwenye ukuta? Kwenye mwalo wa Luchelele? Ukerewe?

Taarifa ya hali ya hewa ndiyo inayonigusa zaidi katika historia hiyo, maana kwenye Ziwa Victoria inahusu uhai wa mtu. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji. Upepo unatoka pande zote za ufuko kuelekea katikati ya ziwa, unakutana, hewa inapanda, na dhoruba inazaliwa usiku wa manane mpaka alfajiri. Saa hizohizo wavuvi wa dagaa wako majini na taa zao. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limewahi kutaja makadirio ya vifo 3,000 hadi 5,000 kwa mwaka katika ziwa zima. Ni makadirio, lakini hata ukiyagawa kwa kumi bado ni misiba mingi isiyoingia gazetini.

Inayoingia gazetini ni ile mikubwa. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia Mwanza. Nilikuwa mtoto mdogo. Nakumbuka watu wazima wamejaa sebuleni kwetu kuzunguka redio, hakuna anayeongea, na mama akitusukuma tukacheze nje. MV Nyerere ikapinduka tarehe 20 Septemba 2018 karibu na Ukara, watu 228 wakafa. Kati ya tarehe hizo mbili kuna usiku mwingi wa mitumbwi miwili mitatu isiyorudi.

Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa utabiri. Redio inausoma. Lakini kusoma utabiri ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumuuliza mvuvi ameelewa nini tuliposema mawimbi makubwa kiasi. Makubwa kwa mtumbwi upi? Na yeye anaona nini angani kabla sisi hatujasema? Hiyo ni kazi ya sikio, na kijana wa mwaka wa pili mwenye kinasa sauti anaweza kuifanya kwa nauli ya daladala.

Lugha iliyobaki nje ya studio

Sasa nije kwenye jambo gumu. Kanuni zetu za utangazaji zinataka redio zitumie Kiswahili au Kiingereza. Ukienda Kisumu, kwenye ziwa hilihili, unasikia Ramogi FM kwa Kijaluo. Ukienda Kampala, CBS inaongea Kiganda. Mwanza, katikati ya jamii kubwa kuliko zote nchini kwa idadi, hutasikia taarifa ya habari ya Kisukuma.

Mimi siyo mmoja wa wanaolaani sera hiyo. Naandika kwa Kiswahili, nimekula kwa Kiswahili, na najua nchi jirani zilikofikishwa na redio zilizoongea na kabila moja dhidi ya jingine. Mwaka 1994 hatuko mbali nao, wala Rwanda haiko mbali na ziwa hili. Kiswahili kilitupa nafasi ya kubishana bila kuulizana ukoo.

Ila gharama ipo, na nilikutana nayo mwenyewe siku ile Sengerema. Babu kwa Kiswahili alikuwa raia mwema anayejibu maswali. Kwa Kisukuma alikuwa msimulizi. Nilipokaa kukata kipindi nilichagua raia mwema kwa sababu ndiye aliyefaa hewani. Msimulizi nikamfuta. Wala sheria haikuniambia nimfute, ilisema tu lugha ipi itarushwa. Kumfuta ni ujinga wangu.

Sheria inahusu kinachorushwa. Haihusu kinachotunzwa. Mnara una leseni yenye masharti, rafu ya maktaba haina. Chuo chenye redio na maktaba kinaweza kurusha dakika nne za Kiswahili na kutunza dakika 50 za Kisukuma, Kizinza, Kikerewe, Kijita, pamoja na tafsiri. Redio ya biashara haina sababu ya kufanya hivyo, maana hakuna anayelipia rafu. Chuo kikuu rafu ndiyo kazi yake.

Nani katunza?

Tusijidanganye kwamba tatizo ni la kwetu tu. BBC yenyewe, na utajiri wake wote, ilifuta vipindi vingi miaka ya 1960 na 1970 ili kutumia kanda upya. Redio kwa tabia yake hutazama mbele, saa ijayo inataka kujazwa. Ndiyo maana inahitaji jirani mwenye tabia tofauti.

Mifano ya majirani wa namna hiyo ipo. Hugh Tracey alizunguka Tanganyika mwaka 1950 na mitambo yake akirekodi nyimbo na ala za jamii mbalimbali. Kazi yake iko kwenye maktaba ya muziki wa Afrika katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Maana yake ni kwamba mtafiti wa Mwanza anayetaka kusikia mababu wa nchi hii walivyoimba kabla ya uhuru anaomba kwa chuo kilicho maelfu ya kilomita kutoka hapa. Namshukuru aliyetunza, na bado inaniuma. Karibu zaidi tuna Bujora, pale Kisesa, ambako Padri David Clement alianza miaka ya 1950 kukusanya ngoma, viti vya watemi na vyombo vya Wasukuma. Ukitembea mle unaona ngoma za Bagika na Bagalu, makundi yaliyoshindana kwa uchezaji. Ngoma zipo. Mlio wa siku ya mashindano, na matusi ya utani yaliyotupwa kati ya kundi na kundi, havikai kwenye kabati la kioo.

Au chukua filamu ya Darwin's Nightmare, ya mwaka 2004. Hubert Sauper alikuja Mwanza akapiga picha za sangara, ndege za mizigo, watoto wa mitaani na mapanki. Filamu ikafika hadi kuwania Oscar. Mwaka 2006 Rais Kikwete akailaani hadharani. Wengine wakasema imetutukana, wengine wakasema imesema kweli. Ubishi ukawa mkubwa Paris na Dar es Salaam. Mimi ningependa kusikia yule mama wa mapanki alisema nini wiki ile, kwa maneno yake, siyo yaliyowekwa chini ya picha. Lazima kuna siku mtu aliyebeba maikrofoni alipita mwaloni Kirumba akamuuliza jambo. Likarushwa, likaisha.

Hotuba za Mwalimu tunazisikia hadi leo redioni, na ni vyema. Ila mwanakikundi wa Mtu ni Afya, yule wa kuuliza "tukachote wapi", mimi sijawahi kusikia akirushwa. Tumetunza aliyefundisha. Waliofundishwa, ambao ndio waliofanya kazi ya kuelewa, tumewaacha wapotee hewani.

Redio ya chuo ina udhaifu mmoja unaoufanya utunzaji uwe wa lazima zaidi. Watangazaji wake huondoka. Kila baada ya miaka mitatu sauti zinabadilika, na kijana aliyekuwa anajulikana mpaka sokoni anahitimu, anakwenda zake. Tangu Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 na kanuni zake zilipotaka mwandishi awe na angalau stashahada, vyuo ndio mlango wa taaluma hii. Kila mwandishi anapita humo, na kila anayepita anaacha kazi za darasani: mahojiano, makala za sauti, tamthilia za redio. Ziweke pamoja kwa miaka 20, na jina, tarehe, mahali na lugha, utakuwa na historia ya Mwanza ambayo hakuna profesa aliyeiandika. Haihitaji mfadhili kutoka nje. Inahitaji diski mbili, daftari la orodha, na kanuni moja: hupati alama mpaka umekabidhi mahojiano yote, siyo zile dakika nne tu. Kanuni hiyo ingekuwepo darasani kwetu mwaka 2011, babu angekuwa anacheka mpaka leo.

Bibi anasahihisha

Mwaka jana nilivuka tena kwenda Sengerema. Safari hii nilikwenda kwa bibi. Macho yamechoka, masikio yako sawa. Nikamsalimia "mwangaluka", akaitikia, kisha akaniuliza kwa Kiswahili: "Mume wangu, leo umekumbuka njia?" Nikaweka simu juu ya mkeka, nikamwambia nataka habari za kisomo, zile alizokuwa anasimulia babu.

Akanikatisha. "Huyo babu yako alikudanganya. Mimi ndiye niliyetangulia."

Kumbe madarasa yale wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Wanaume waliona aibu kukaa mbele ya kijana na ubao. Bibi alikwenda kwanza, miezi kadhaa, akarudi anaandika jina lake na la babu chini kwenye vumbi. Babu akaona haiwezekani mke ajue jina lake analoandikwa yeye asijue, akafuata. Na kwenye kikundi cha redio? Redio ilikuwa ya babu, betri za babu, kigoda cha babu. Aliyeuliza wachote wapi maji alikuwa bibi.

"Wakakujibu nini?" nikamuuliza.

Akahamia Kisukuma. Aliongea dakika 40 na ushee. Mara hii sikukata kitu. Nakala moja iko kwenye kompyuta yangu, nyingine kwenye flashi niliyoificha kabatini ndani ya soksi. Ya tatu natembea nayo kwenye begi, na kila daladala inapoiacha Mkolani na kukaribia Nyegezi, natia mkono kuhakikisha ipo.